Kashikajiwe wa Katsiro

Kabongo alikuwa mtu wa kuhesabu samaki, na watu wa Beni walishamaliza kumcheka. Mwanzoni walimcheka kweli. Serikali imtoe mtu Kasai, impandishe ndege, imlete mpaka Kivu ya Kaskazini, mtu mzima mwenye diploma yake, eti aje avue visamaki visivyojaza hata kijiko, avihesabu, kisha avirudishe majini? Sufuria hana? Lakini kicheko nacho huchoka. Kufikia Januari ya 2003 watoto wa mtaa wa Ruwenzori walimwita Papa Samaki bila kutabasamu, kama wanavyomwita fundi wa baiskeli fundi.

Serikali iliyomleta haikuwepo tena. Ilikuwa Kinshasa, ng'ambo ya mstari wa vita, na upande huu walitawala wengine, waasi waliopokezana ofisi kwa kasi hata mtu akichelewa kuamka anakuta muhuri mpya mezani. Mkewe Monique alikwenda Mbuji-Mayi, kwao Kasai, mwezi wa saba mwaka 1998 kumzika baba yake, akawachukua watoto wote wawili. Mwezi wa nane vita vya pili vikaanza na njia ikafungwa. Ndege zilizoruka uwanja wa Mavivi zilikwenda Goma, zilikwenda Uganda, hakuna hata moja iliyokwenda Kasai. Tangu hapo Kabongo alipata barua tatu, zote kwa mikono ya mapadri, na ya mwisho ilikuwa na mwaka na nusu. Ndani yake Monique aliandika kwamba kijana wao Grady sasa anamzidi urefu. Kabongo alisoma mstari ule, akasimama mlangoni pa chumba chake, akainua mkono usawa wa kichwa cha mkewe, halafu akaupandisha kidogo. Ndivyo alivyomwona mwanawe akikua.

Basi alibaki na samaki.

Samaki mwenyewe usimtafute sokoni. Ni mdogo kama kidole cha mwisho, hana magamba, rangi yake ni ya matope, na mdomo wake uko chini ya kichwa, mviringo. Kwa mdomo ule huganda kwenye jiwe penye maji ya kasi, na mto uvute utakavyo, habanduki. Kabongo alimwita kashikajiwe, kwa kuwa jina lingine hakuwa nalo. Mwaka 1996 alipeleka chupa yenye samaki sita kwa profesa mmoja wa Kisangani, naye akajibu kwamba huenda ni samaki ambaye hayumo katika kitabu chochote, subiri, nitakuandikia tena. Vita vya kwanza vikapita Kisangani. Profesa hakuandika tena.

Alipofika Butembo, kituo chake cha kwanza, mwaka 1989, kashikajiwe walikuwa karibu kila kijito cha vilima vile. Aliwaona wakiisha, kijito baada ya kijito. Kimoja kilimalizwa na watu wa matofali waliochimba kingo zake. Kingine kilikauka baada ya kupandwa mikaratusi kutoka juu hadi chini. Kule Manguredjipa wachimba dhahabu waliosha mchanga wao mtoni mpaka maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, na kashikajiwe hawezi kuganda kwenye jiwe lenye tope. Kwingine watu walitwanga majani ya sumu, wakayamwaga majini, wakaokota kila kilichoelea. Kabongo hakumgombeza mtu, maana aliona kwamba hakuna aliyekusudia ubaya. Watu walitafuta nyumba, kuni, na mboga. Aliandika tu daftarini: hapa, sifuri. Mwaka 2000 akahamia Beni, kuufuata mto mmoja uliobaki.

Mto wenyewe ni Katsiro, nyuma ya Mavivi, na kuuita mto ni kuupa heshima. Unatoka kwenye mwamba, unajaa katika kidimbwi chenye upana wa nyumba, halafu unateremka juu ya mawe kwa hatua kama mia, kisha unaingia kwenye matete marefu na kupita chini ya daraja la barabara. Kashikajiwe waliishi katika zile hatua mia tu. Huko mateteni maji yamelala, hawayawezi. Mara mbili Kabongo alijaribu kuwahamisha ndani ya bidon, dumu la plastiki, kumi kumi, awapeleke kijito kingine. Mara zote mbili walikufa kabla hajafika barabarani.

Kwa hiyo kila Jumatatu alitembea saa mbili na nusu mpaka Katsiro, akatega chandarua kikuukuu kati ya mawe, akapindua jiwe moja moja, akahesabu, akawaachia. Hakuna aliyemwagiza, hakuna aliyengoja ripoti. Katikati ya Desemba walikuwa arobaini na mmoja. Kesho yake jioni, huku redio ya jirani ikitangaza kwamba amani imetiwa sahihi Pretoria, alisonga bugali yake peke yake, akakaa mbele ya sahani, akasema kwa sauti: "Beko quarante et un, Monique." Halafu akaona haya, akala haraka.

Amani ile ilikuwa bado haijafika mji wa Mambasa. Mwisho wa mwezi wakimbizi walianza kumiminika kutoka upande ule, siku nyingi msituni, wamebeba magodoro na wazee. Wengine walipewa uwanja wa wazi juu ya Katsiro, chini ya mahema ya plastiki, kila familia na jeton yake ya déplacé, kibao cha mkimbizi cha kupokelea msaada. Watu wa Mavivi, ambao wenyewe hawakuwa na cha kutupa, waliwafungulia mashamba yao ya zamani ya mihogo. Mihogo ile ilikuwa michungu, na mihogo michungu ina masharti yake. Haina budi kulala majini siku tatu au nne, ilegee na kutoa sumu yake, ndipo ianikwe na kutwangwa. Mwanamke anayeharakisha anawasongea watoto wake ugonjwa. Na maji yaliyokuwa karibu na mahema ni kile kidimbwi.

Jumatatu ya kwanza ya Januari Kabongo alikuta mifuko kumi na saba imelazwa kidimbwini, imekandamizwa kwa mawe. Maji yalikuwa meupe, yana povu, na harufu yake ilimpokea kabla hajafika. Kashikajiwe walikuwa wameachia mawe, jambo ambalo hajapata kuliona maisha yake yote. Walikuwa wameelea juu juu, midomo nje, wakitafuta pumzi. Watatu walishakufa.

Alipanda kambini mbio. Wakamwelekeza kwa Mama Kavuo, mjane wa makamo aliyekuwa na duka njia ya Mambasa kabla duka halijachomwa. Wanawake wote pale walimsikiliza yeye. Alikuwa akimenya mihogo pamoja na mdogo wake Victoire, binti wa miaka ishirini hivi. Kabongo akaeleza. Alieleza hewa iliyomo ndani ya maji, akaeleza mikaratusi, akafika mpaka Kisangani kwa profesa. Kavuo alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya, kisha akauliza:

"Papa, na iyo samaki yako, beshaipatia jeton ya déplacé?"

Victoire alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Kabongo akashtukia naye anacheka. Alikuwa amesahau jinsi kicheko cha pamoja kinavyokaa kifuani.

Akaomba jambo moja tu: waloweke chini, mateteni, karibu na daraja. Kule maji yametulia, mihogo italegea upesi zaidi, na uchafu wake hautapanda juu kwa samaki. Hesabu ilikuwa safi kabisa, hata yeye aliifurahia. Kavuo aliyatazama yale matete kwa muda mrefu. Alikuwa mgeni katika ardhi ya watu, na aliyesimama mbele yake alikuwa mtu wa Serikali mwenye kalamu mfukoni, hata kama Serikali yenyewe haijulikani iliko.

"Ni mbali," akasema mwishowe. "Mais tutaenda. Mi mwenyewe nitabaambia bamama. Minakupatia neno yangu."

Kabongo akamshukuru kwa Kinande, lugha ya kwao Kavuo, wasingya, akalitamka vibaya, na Victoire akamtaka alirudie mara tatu kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Wanawake walitimiza. Juma lile lile maji yakawa safi hata chini kuonekana, povu likaisha, na kashikajiwe wakarudi kwenye mawe yao. Thelathini na wanane. Jumatatu iliyofuata Kabongo alipita kambini akiwa njiani kurudi, ili ashukuru, na Kavuo akampa hindi la kuchoma. Victoire akamuuliza samaki wake wanakula nini, na kama mume na mke wanajuana, na kama wanalala. Hakuna aliyewahi kumuuliza mambo hayo, wala ofisini Butembo, wala nyumbani kwake mwenyewe. Alijibu kila swali kwa urefu usio na sababu. Kusema kweli, aliporudi Beni siku ile hakuona urefu wa njia. Na juma zima alingoja Jumatatu, na safari hii hakuwa akingoja samaki peke yao.

Jumatatu ya tatu, alipofika darajani, alikuta askari. Walikuwa sita, wamefunga turubai kwenye miti, wamelaza ufito barabarani. Walimwuliza karatasi, akatoa. Mkubwa wao aliisoma, akaigeuza, akataniana naye kwa Lingala na Kiswahili kwamba daktari wa samaki akirudi asikose kuwaletea wa kukaanga. Mmoja wao alikuwa chini mtoni, anaoga kwa sabuni. Kabongo aliitazama sabuni ile kwa wasiwasi, akaufuata mto kwa macho, akatulia: maji hayapandi mlima. Alipofika penye mawe alihesabu, akapata wale wale thelathini na wanane, akaandika daftarini kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya wamisionari: Askari wamepiga kambi darajani, chini ya eneo la samaki. Hakuna athari.

Jumatatu ya nne maji yalikuwa safi kuliko yote aliyoyaona mwaka ule. Alihesabu mara mbili kwa furaha tu. Kisha akatazama chini mateteni, akaona kwamba na huko hakuna mfuko hata mmoja. Akapanda kambini.

Kavuo alikuwa amekaa mbele ya hema, mikono mitupu. Mlango wa hema ulikuwa wazi, na ndani Victoire alilala akiwa ameelekeza uso kwenye plastiki. Hakugeuka. Kabongo alisalimu, akajibiwa, akaambiwa akae juu ya bidon.

Kavuo alimweleza kwa sauti ya chini, bila haraka, jinsi mtu anavyomweleza mgeni habari za msiba. Jumatano Victoire alishuka na wenzake wawili kutoa mifuko. Kule matete yanapita kichwa cha mtu. Askari waliingia kutokea upande wa daraja. Wawili walikimbia, Victoire hakuwahi, wakaondoka naye. Chef, mkuu wa kambi ya wakimbizi, alikwenda kudai kwa wakubwa wa askari, akaambiwa alete mashahidi. Jumamosi asubuhi Victoire alirudi mwenyewe kwa miguu. Hakusema kitu, na dada yake hakumwuliza.

Kabongo alitafuta neno, akapata lile ambalo halikustahili.

"Juu ya nini hamukuniambia kama kule ni mubaya?"

"Hukuuliza, Papa," Kavuo akasema. Hakulisema kwa ukali. "Kule juu mutu akiwa mu kidimbwi, kambi yote inamuona. Njo maana tulichaguaka pale. Hapana juu ya mayi."

Kuuliza si ujinga, wazee wamesema, na msemo huo Kabongo aliujua tangu akiwa mtoto. Aliwauliza samaki kila juma. Alijua jiwe gani wanalipenda, saa gani wanatoka, wanaogopa nini. Wanawake waliokuja na mifuko vichwani aliwahesabia mifuko tu. Hakuwaza hata mara moja kwamba nao walikichagua kile kidimbwi kwa akili, wakipima hatari zao kama yeye alivyopima zake. Na zaidi ya hayo, askari aliwaona. Aliwaona kwa macho yake, Jumatano ile ikiwa bado siku mbili mbele. Alichokitazama ni sabuni. Maneno mawili aliyoyaandika daftarini, hakuna athari, yalimrudia yote mawili, akajichukia kwa namna ambayo hakuijua, kimya kimya, akiwa amekaa juu ya bidon la watu.

Nyuma ya hema mtoto alitapika. Kabongo akauliza ana nini. Ni mihogo, Kavuo akamjibu. Tangu Alhamisi wanaloweka ndani ya mabeseni, maji kidogo, usiku mmoja, kwa sababu mabeseni ni machache na matumbo ni mengi. Walichimba mashimo, mchanga ukanywa maji yote. Watoto wanne wanaumwa tangu jana, na mmoja tangu asubuhi hasimami vizuri.

"Na kidimbwi?"

Kavuo alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nilikupatia neno yangu."

Basi hapo Kabongo alisimama. Alisema kwa sauti ili na wanawake wengine waliokuwa karibu wasikie, kwamba anamrudishia Mama Kavuo neno lake, wapeleke mihogo kidimbwini leo hii, yote, na yeyote atakayewauliza wamwambie ametoa ruhusa yeye. Wanawake walimsikia. Hakuna aliyeondoka alipo. Mtu wa kalamu akikataza leo na kuruhusu kesho, aliyekimbia vita anajua kwamba keshokutwa atarudi na watu. Mmoja wao, mama mwenye mtoto mgongoni, alisema polepole kwamba labda angewaandikia karatasi.

Kabongo hakuandika karatasi. Aliinama, akakamata mfuko wa mihogo iliyomenywa uliokuwa mlangoni pa Kavuo, akaupandisha kichwani. Mwanamume hapeleki mihogo majini katika nchi ile, tena mwanamume mwenye shati la kola. Mfuko ulimwelemea, shingo yake haikuzoea, akashuka na njia akiyumba huku maji ya mihogo yakimtiririka mgongoni. Hakuna aliyecheka.

Kidimbwini aliingia na viatu. Akalaza mfuko mahali pa juu kabisa, karibu na mwamba, penye kina. Ukaanza kuelea. Akatoka kwenda kwenye mawe, akang'oa jiwe la kwanza, akalipindua kama alivyozoea kwa miaka kumi na minne, kuangalia kama kuna mtu chini yake. Hakukuwa na mtu. Akaliweka juu ya mfuko. Jiwe la pili hakulipindua. Wala la tatu.

Alipoinuka alimwona Kavuo amesimama kando, amemfuata bila kumwita. Alikuwa akitazama yale maji yanayokimbia chini ya kidimbwi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kuona kitu alichosimuliwa.

"Beko ngapi?" akauliza.

"Trente-huit," akajibu, wale wale thelathini na wanane.

"Ya dunia yote?"

"Benye mi najua."

Kutoka kwenye mfuko uzi mweupe ulianza kutoka, mwembamba, ukazunguka, ukapata mkondo, ukashuka kuelekea kwenye mawe.

"Pole, Papa," Kavuo akasema.

Ile pole ilimchoma Kabongo kuliko tusi. Alikuwa amekaa mlangoni pa Victoire saa nzima, akauliza hili na lile, akatoa amri, na pole haikumtoka. Sasa mwanamke huyu, mwenye mdogo wake amelala kule ameielekezea plastiki uso wake, alikuwa akimpa yeye, tena kwa ajili ya samaki. Alitaka kumrudishia. Alitaka kumwambia ampelekee Victoire. Badala yake akatikisa kichwa tu, mara mbili, mtu asijue kama anakubali au anakataa.

Kisha akatoka majini, viatu vimejaa, akapanda kambini kuchukua mfuko wa pili.